Betri Juu ya Bati

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kompyuta ilikuwa bado imegoma kula. Waya ulikuwa umechomekwa, taa ya chaja ilikuwa inawaka, na kwenye kona ya kioo palikuwa na namba ishirini na tatu ambayo tangu jana jioni haikuwa imepanda hata moja. Saa mbili kamili mgao wa umeme ungefika mtaani, kama ulivyofika kila baada ya siku moja tangu mwezi uliopita, na umeme usingerudi mpaka jua litue. Kazi ilitakiwa saa kumi alasiri. Hata watoto wawili waliokuwa wanafunga viatu vya shule mlangoni waliijua hesabu hiyo, ndiyo maana walikuwa wananong'ona.

Mwenye kazi alikuwa mama yao. Ofisi moja ilimtumia sauti za vikao, naye alivaa visikilizio, akasikiliza watu wasiomjua wakibishana, akayaandika maneno yao yote, hata vikohozi. Safari hii kilikuwa kikao cha malalamiko ya wafanyakazi wa kiwanda, saa nne nzima za sauti. Kazi yote ilikuwa ndani ya programu ya ofisi, na programu hiyo haikufunguka kwenye mashine nyingine yoyote. Alikuwa amekwisha kuchelewa mara mbili, zote kwa sababu ya umeme. Bosi wake, ambaye yeye alimjua kwa sauti tu, alimtumia ujumbe usio na salamu: ikitokea mara ya tatu, kazi atapewa mwingine.

"Tujaribu soketi ya jikoni," alisema, akabeba kompyuta na waya wake kama mtu anayehamisha mgonjwa.

Soketi ya jikoni haikusaidia, kama ambavyo hazikusaidia ya sebuleni na ya chumbani. Aliazima chaja ya mwalimu wa nyumba ya pili, ikaingia vizuri, namba ikabaki ishirini na tatu. Mwalimu mwenyewe alikuja na kikombe chake cha chai mkononi, akashauri izimwe, kitufe cha kuwashia kibonyezwe nusu dakika, kisha iwashwe upya. Wakahesabu wote kwa sauti mpaka thelathini, watoto wakiwa mbele kwa mbio. Ikawashwa. Ishirini na tatu. Mwalimu alisema basi tena, akaondoka na chaja yake.

Kwenye kigoda cha karibu na mlango alikaa baba wa mwenye kompyuta, na chai yake ilikuwa imepoa bila kunywewa. Mtaa mzima ulimwita Mzee Tochi. Alilinda maghala kwa miaka thelathini, usiku kwa usiku, na jina hilo alikuja nalo kutoka getini pamoja na koti lake. Kwa kawaida kitu kikiharibika nyumbani humo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukishika, awe anakijua au hakijui. Bomba, kitasa, redio, mguu wa kiti, vyote vilipita mikononi mwake. Asubuhi hiyo hakushika kitu. Alikaa, akasimama, akaenda kuchungulia uani, akarudi, akakaa tena.

"Labda tuizime kabisa, tuiache ipumzike kidogo," alisema mkwe wake, baba wa wale watoto. Alikuwa fundi rangi, mtu mpole, na siku hizo nyumba za kupaka rangi zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Alikuwa amesimama pembeni na mfuko wake wa brashi, hajui akae au aende.

Hapo ndipo mkewe alipomgeukia.

"Ipumzike na nini? Na mpira? Juzi nani aliipeleka kitandani akaifunika blanketi kama mtoto, akatazama mpira mpaka ikawa moto?"

"Ilikuwa nusu ya pili tu, mama."

"Nusu ya pili. Mwanaume mzima huna kazi ya kueleweka, na hii yangu moja inayotulisha unaifanyia starehe. Waulize hawa watoto nani anawalisha. Waulize. Watanyoosha kidole kwangu."

Watoto waliacha kufunga viatu. Fundi rangi alimtazama mkewe, kisha macho yake yakapita kwa baba mkwe, yakakaa hapo kidogo. Mzee Tochi alikitazama kikombe. Alikuwa na neno mdomoni, neno lenyewe lilikuwa fupi, na hakulitoa. Mkwe akaweka mfuko begani, akasema, "Baba, nawatakia siku njema," kwa heshima ileile ya kila siku, akatoka bila chai. Wakasikia geti likifungwa polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angelibamiza.

Basi ukweli wenyewe ni huu, na Mzee Tochi alikuwa nao tangu jana.

Kwa wiki nzima alimsikia binti yake akilalamika kwamba betri imechoka, ikijazwa haimalizi hata saa moja. Neno hilo, betri imechoka, alilijua vizuri kuliko yeyote chini ya paa lile. Kule ghalani alikuwa na tochi ya betri nne, na mshahara haukuruhusu kununua betri kila wiki. Kila asubuhi alizitoa, akazipanga juu ya ukuta mahali palipopigwa na jua, akazigeuza, na jioni zilikuwa zimepata nguvu za kumvusha usiku mwingine. Walinzi wa maghala ya jirani walimletea za kwao. Walisema ana mkono mzuri. Yeye hakuwahi kujua kwa nini jua linafanya vile, na wala hakujali, kwa sababu lilifanya.

Jana binti alikwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni tangu saa tatu. Mzee akaigeuza kompyuta, akaona vibanio viwili, akavisogeza, na betri ikatoka yenyewe mkononi, nyeusi, ndefu, nzito. Alifurahi kuona kwamba wale waliotengeneza mashine hizi nao walijua kwamba betri ni kitu cha kutolewa. Akaiweka juu ya bati la banda la kuku. Alikaa kwenye kivuli na kijiti, akafukuza kuku wasiikanyage, akaigeuza kila baada ya muda, mpaka saa saba mchana. Ilipokuwa moto kama pasi aliishika kwa kitambaa. Kuirudisha kulikuwa kugumu kidogo, akaisukuma kwa kiganja mpaka vibanio vikalia. Alipanga kutosema kitu. Alitaka binti aione imepona, ashangae, aulize, ndipo yeye aseme kwa mbali kwamba betri ni betri.

Jioni kompyuta ilichomekwa, namba ikagoma kupanda. Angesema jana, lingekuwa kosa la mzee mwenye nia njema. Alikaa kimya usiku mmoja, na asubuhi kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe mwingine.

"Nitakusindikiza kwa fundi," alimwambia binti yake umeme ulipokatika. "Nitabeba begi."

"Kaa upumzike, baba. Jua kali."

"Nitabeba begi," alisema tena, na alikuwa tayari amelishika.

Duka la fundi lilikuwa kwenye safu ya maduka iliyotazamana na hospitali, na kwa sababu ya hospitali laini ile haikukatwa umeme. Kwa hiyo palikuwa na watu. Wengine walileta simu kuchaji, wengine walikuja kukaa tu mbele ya feni. Fundi mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na alijulikana kama Mama Skrubu. Alikuwa hamtazami mteja usoni. Alitazama mashine.

"Inawaka lakini haichaji," alisema kabla hajaambiwa, kwa vile wateja wote wa asubuhi ile walikuwa na ugonjwa huo. Akachomeka kifaa chake kwenye chaja, akatikisa kichwa. "Chaja nzima." Akamulika tundu la kuchomekea. "Hapa pazima." Akaigeuza, akavuta vibanio, betri ikakataa kutoka. Akaichokonoa kwa kipande cha plastiki mpaka ikachomoka, akailaza juu ya meza ya kioo. Haikulala. Ilibembea kama kiti cha kubembelezea mtoto, maana katikati ilikuwa na tumbo.

"Hii imevimba," alisema Mama Skrubu. "Iliwekwa wapi?"

"Kitandani," alijibu binti. "Mume wangu aliifunika blanketi anatazama mpira."

Mtu mmoja aliyekuwa anangoja simu yake alicheka. "Wanaume na mpira," alisema mwanamke wa karibu na feni, na mazungumzo yakapata moto. Kila mmoja alikuwa na mume, au shemeji, au kaka. Binti aliwasimulia kwa urefu, hata mambo ambayo hayakuhusu blanketi, jinsi mtu huyo anavyoweza kukaa wiki mbili bila kupata ukuta wa kupaka na bado akaulizia matokeo. Alisema kwa uchungu wa mtu ambaye hajalala, na wale wageni wakampa huruma ambayo hakuwa ameipata nyumbani. Mzee Tochi alisimama nyuma yake na begi tupu. Alihisi masikio yanamchoma.

Mama Skrubu hakucheka. Aliinusa betri, akapitisha kucha kwenye karatasi ya maandishi iliyokuwa imejikunja pembeni, gundi yake imetiririka.

"Blanketi halifanyi hivi," alisema. "Ukiipasha kwa blanketi, mashine inajizima yenyewe. Hii ilipikwa ikiwa nje ya mashine. Sasa kuna kitu humu ndani kinachopima joto, kimeona mambo hayaendi, kikafunga mlango. Hakitaufungua tena, na kina haki. Ingeweza kuwaka moto hii."

"Nani aipike?" aliuliza binti, kwa haraka, wala hakungoja jibu. "Nina mpaka saa kumi, mama. Nifanye nini?"

Mzee Tochi alikohoa. Wote wawili walimtazama. "Maji," alisema. "Naomba maji ya kunywa." Wakampa.

Betri mpya ilikuwa ya kuagiza, na ingechukua siku nne. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa haina tatizo, alisema fundi. Ingekubali kufanya kazi bila betri mradi iko kwenye umeme muda wote. Angempa binti kona ya meza, kiti, na tundu moja kwenye ekstensheni, kwa bei ya wanaochaji simu.

"Muda wote, unanielewa? Betri ndiyo iliyokuwa inaishikilia umeme ukiyumba. Sasa haina. Waya ukichomoka sekunde moja, imekufa."

Saa nne kasoro alianza kuandika. Alikuwa na kurasa ishirini na sita mbele yake na vidole vilivyozoea. Alivaa visikilizio, na duka lote likamtoka masikioni. Mzee angeweza kurudi nyumbani. Hakurudi. Alikaa kwenye kreti ya soda karibu na mlango, akasimama, akaenda nje kutazama upande wa hospitali, akarudi. Mwanamke wa feni alimuuliza kama ana mgonjwa kule wodini.

Ajali ilitokea saa tano na dakika kumi. Waya wa ekstensheni ulitambaa sakafuni kutoka ukutani mpaka kwenye meza, ukikatiza njia ya wateja. Mtu mmoja aliyevaa suti aliingia akizungumza na simu, akapiga hatua kubwa, ncha ya kiatu chake ikaunasa. Plagi ilitoka ukutani kwa mlio mdogo. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Binti hakupiga kelele. Alibaki na vidole hewani, kisha akavishusha polepole, akalaza paji la uso juu ya meza. Programu ya ofisi ilihifadhi kazi pale tu mtu alipobonyeza mwenyewe, na yeye alizoea kubonyeza mwisho wa kila sehemu. Kurasa tano zilikuwa zimeondoka. Mwenye suti alisema samahani kwa upande wa mdomo ambao haukuwa na simu.

"Mama," alisema Mzee Tochi. Alimwita binti yake hivyo tangu alipokuwa mtoto mchanga. "Mama, inuka. Washa uanze."

"Sitawahi, baba."

"Utawahi. Hakuna mtu atakayeugusa huo waya tena."

Akairudisha plagi ukutani, akaikandamiza kwa kidole gumba. Halafu akasimama juu yake, mgongo ukutani, mguu mmoja huku na mwingine kule, waya ukipita katikati, kama vile alivyosimama mbele ya milango ya watu kwa miaka thelathini. Kwanza watu waliona ni mzaha. Kisha wakaona mzee hasogei. Aliyetaka kupita alielekezwa kwa mkono azunguke kupitia upande wa feni. "Ruka, usikanyage," aliwaambia. Mwenye suti alipotoka alisema, "Mzee, nipishe nina haraka," na Mzee Tochi akamjibu kwa adabu kabisa, "Zunguka, mheshimiwa." Mheshimiwa akazunguka.

Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Miguu yake ilianza kuuma kuanzia nyayo, ikapanda. Mama Skrubu alimsogezea kreti, akakataa, alihofia akikaa atajisahau. Macho yake yalikuwa kwenye waya, lakini moyo wake ulikuwa unazunguka mtaani unamtafuta mtu mwenye mfuko wa brashi.

Saa nane na nusu simu ya binti iliwaka juu ya meza. Alitoa kisikilizio kimoja, akasikiliza kwa uso mkavu, akasema "haya", akasema "haya" tena, akakata.

"Ni baba watoto," alimwambia mzee bila kumtazama, na tayari alikuwa anaandika. "Amepata kazi mkoa mwingine, jengo la ghorofa. Anaondoka na basi la saa tisa. Wiki mbili."

"Amesemaje?"

"Hivyohivyo."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Baba, nina kurasa kumi na moja," alisema, akakirudisha kisikilizio sikioni.

Mzee Tochi alitazama saa ya ukutani. Dakika ishirini na nane. Kituo cha mabasi hakikuwa mbali, kijana angefika kwa mbio, na hata yeye kwa mwendo wake angefika. Lakini alikuwa amesimama juu ya waya. Aliona vidole vya binti yake vinavyokimbia, akaona watu wanaoingia na kutoka, akajua kwamba kama angeinua mguu na mtu akaupiga ule waya, pasingekuwa tena na cha kuokoa. Alikuwa amejifunga mwenyewe.

Akapiga moyo konde, akatoa simu yake mfukoni. Mkwe alipokea mara moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uko kituoni?"

"Nipo, baba. Tunapakia mizigo."

"Nisikilize." Masikio ya mzee yalikuwa mazito, kwa hiyo alizungumza kwa sauti kubwa, na mwanamke wa feni akageuka. "Ile betri niliiharibu mimi. Niliitoa jana, nikaianika juani. Juu ya bati la kuku. Tangu saa tatu mpaka saa saba. Wewe huna kosa lolote."

Mama Skrubu alishusha bisibisi. Binti peke yake hakusikia, aliendelea kuandika, mdomo wake ukitamka kimyakimya maneno ya wafanyakazi wa kiwanda.

"Najua, baba," alisema mkwe.

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Nilirudi saa tano kuchukua brashi ya kona, nikapitia uani. Ulikuwa umekaa na kijiti, unafukuza kuku."

"Sasa kwa nini hukuniambia niitoe?"

"Mimi nikwambie wewe mambo ya betri?" Hakusema kwa kejeli. "Nilisema moyoni, mzee anajua anachofanya. Ulivyokuwa unaigeuza kwa kitambaa, nikasema huyu anajua. Nikaondoka zangu."

"Na leo asubuhi? Mbona hukunitaja?"

Kelele za wapiga debe zilisikika nyuma yake. "Ningeanzia wapi, baba? Ningemwambia ni baba yake, mbele ya watoto, angeona namsingizia mzee ili nijinusuru. Nilikutazama nikajua na wewe umejua. Nikasema atasema mwenyewe."

"Nimechelewa."

"Si neno."

"Rudi nyumbani, basi. Nitamwambia sasa hivi, akusikie."

"Hapana. Usimwambie sasa." Sauti yake ilikuwa na haraka kwa mara ya kwanza. "Amebakiza kurasa ngapi?"

"Kumi na moja. Labda kumi."

"Mwache amalize. Ukimwambia sasa mikono itamtetemeka, akose na kazi. Mwambie baadaye. Na tena, baba, mimi betri haikuniuma. Yale aliyoyasema asubuhi hayakuwa ya betri. Alikuwa nayo siku nyingi, betri ilifungua mlango tu. Haya, wananiita. Baki salama."

Mzee alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika. Watu wa dukani walijifanya wana shughuli. Yule mwanamke aliyesema wanaume na mpira alikuwa anasugua kioo cha simu yake kwa upindo wa kanga, akisugua mahali pamoja.

Saa tisa ilifika, ikapita. Aliisikia ikipita, maana basi kubwa lilipiga honi mbali, na kwa yote aliyojua lingeweza kuwa jingine. Alitamani binti ageuke amuulize kitu. Hakugeuka. Alikuwa amepata mwendo wake, kurasa zikawa nane, zikawa tano, zikawa mbili. Mgongo wa mzee ulikuwa umelowa jasho na ukuta nao umelowa.

Saa kumi kasoro dakika tisa binti alibonyeza mara ya mwisho, akangoja, na bosi akajibu kwa neno moja: nimepata. Binti alivua visikilizio. Masikio yake yalikuwa na alama nyekundu. Alimtazama baba yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, na tabasamu lile lilimwumiza mzee kuliko miguu.

"Baba, tumewahi. Toka hapo sasa, ukae."

"Nitasimama," alisema Mzee Tochi. "Nina neno."

Akalisema lote. Hakulipunguza na hakulipamba. Alisema bati, alisema kuku, alisema kitambaa, alisema kwamba jana jioni alijua na asubuhi alijua. Alisema amempigia mkwe na mkwe alimwona tangu jana. Binti alisikiliza na kinywa wazi.

"Uliianika," alisema.

"Kama za tochi."

Kicheko kilimtoka, kifupi, cha puani, kikakatika katikati. Alichukua simu yake, akatoka nje. Mzee alimwona kupitia mlangoni, amesimama juani mbele ya geti la hospitali, mkono mmoja umeziba sikio. Alizungumza kwa muda, akainamisha kichwa, akazungumza tena. Halafu alisikiliza tu. Aliporudi uso wake ulikuwa umenawa machozi na umekauka, na alianza kukunja waya wa chaja.

"Amesemaje?" aliuliza mzee.

"Wiki mbili."

"Na baada ya wiki mbili?"

"Hakusema."

Aliingiza kompyuta kwenye begi. Betri yenye tumbo Mama Skrubu aliibakiza, alisema ina mahali pake pa kutupwa. Binti alilipa, akashukuru, akamuaga hata yule mwanamke wa feni, ambaye hakuweza kumtazama. Kisha akarudi mpaka pale baba yake alipokuwa bado amesimama, waya katikati ya miguu, ingawa sasa haukuwa na kazi.

"Betri ni kitu cha kununua, baba. Hiyo nimekusamehe hapahapa," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali. "Lakini asubuhi ulikuwa umekaa pale kwenye kigoda. Ulinisikia namwambia mwenzangu vile, mbele ya wanangu. Tangu utoto wangu hujawahi kuniacha nimvunjie mtu heshima. Kwa nini leo hukuninyamazisha?"

Mzee Tochi angeweza kusema ni mambo ya mke na mume. Angeweza kusema mwenye nyumba ni binti na yeye mzee ni wa kukaribishwa tu. Maneno hayo yote yalikuwepo, yamejipanga, na yalikuwa ya heshima.

"Niliogopa," alisema. "Nilijua ukimwacha yeye utanigeukia mimi."

Mzee alinyoosha mkono kupokea begi kama alivyokuja nalo, na binti akalihamishia bega la pili, upande ambao mkono ule haukufika. Wakatoka. Barabarani alitangulia yeye, na baba yake akafuata nyuma kwa hatua zilizokufa ganzi, bila kumwomba amsubiri.